Fisi Maji wa Ziwa na Nguva wa Pwani: Wanyama wa Majini Wapumuao Hewa

Mvuvi wa Karungu au wa Muhuru avutapo wavu wake alfajiri hutazamia kuona ngege au mbuta. Mara nyingine hukuta kitu kingine: mnyama mwenye manyoya ya rangi ya kahawia, mkia mrefu na madoa meupe shingoni, amekwisha kufa, na nyuzi za wavu zimekatika huku na huku. Mnyama huyo ni fisi maji. Mvuvi hukasirika, na ana haki ya kukasirika, kwa kuwa wavu ni fedha, na wavu uliotoboka haulishi watoto. Kisha husema, "Leo mwizi amekamatwa."

Lakini yafaa tuulize, fisi maji huyu amekufa kwa sababu gani? Hakupigwa, wala hakuchomwa mkuki. Amekufa maji, kama afavyo mtu aliyenaswa miguu chini ya ziwa. Ni jambo la kustaajabisha kwamba mnyama aliyezaliwa kando ya maji, na apataye riziki yake majini kila siku, aweza kufa maji. Tukilifahamu jambo hilo, tutafahamu habari za wanyama wengi wakaao katika maziwa na bahari za dunia.

SI SAMAKI

Samaki hupumua kwa matamvua, nayo huchuja hewa iliyomo ndani ya maji. Fisi maji hana matamvua. Ana mapafu kama sisi, damu yake ina joto, huzaa watoto walio hai, na mama huwanyonyesha. Ndivyo walivyo nyangumi, pomboo, nguva na sili pia. Nyangumi, pomboo na nguva hawapandi nchi kavu kamwe. Sili huwinda baharini, lakini hutoka majini ili kupumzika na kuzaa. Fisi maji na kiboko wana makao pande zote mbili.

Sili hakai katika bahari ya Kenya, maana apenda maji ya baridi. Walio karibu nasi ni wale wa pwani za Namibia na Afrika Kusini, ambako hulala ufuoni kwa maelfu mengi. Wako sili wa namna moja wakaao katika maji matamu, nao ni wa ziwa Baikal katika nchi ya Urusi. Kwa hiyo mtu wa Suna asiyepata kumwona sili na amtazame fisi maji, kwa maana mashaka yao ni mamoja: kupata hewa na kutunza joto.

Udugu wa wanyama hawa nao ni wa ajabu. Wataalamu wamethibitisha kwamba, katika wanyama wote walio hai leo, kiboko ndiye aliye karibu zaidi na nyangumi kwa ukoo. Nguva naye si ndugu ya hao. Wa ukoo wake ni tembo.

PUMZI NA JOTO

Maji huondoa joto la mwili upesi kuliko upepo. Nyangumi na sili hujikinga kwa mafuta mazito yaliyo chini ya ngozi. Fisi maji hana mafuta hayo. Kinga yake ni manyoya ya tabaka mbili. Yale ya nje ni marefu, na yale ya ndani ni mafupi na yamesongamana sana hata hewa hubaki katikati yake, na maji hayafiki kwenye ngozi. Ndiyo sababu humwona amelala juu ya mwamba akijisugua na kujilamba. Huo si uvivu. Anatengeneza nguo yake, kwa maana ikiharibika atashikwa na baridi.

Kwa habari ya pumzi, kila mnyama ana kipimo chake. Kiboko aweza kukaa chini ya maji kwa dakika kama tano, na hata akiwa usingizini mwili wake huinuka wenyewe, akavuta pumzi, akazama tena. Fisi maji ana pumzi fupi zaidi: kwa kawaida huzama kwa muda usiotimia dakika moja. Basi wavu ukimshika chini kwa muda mfupi tu, maisha yake yamekwisha.

JE, NI MWIZI?

Fisi maji mwenye madoa shingoni huwinda kwa macho. Kwa hiyo hupenda maji maangavu, na huwinda karibu na ufuo, penye mawe, matete na mafunjo. Samaki zake ni wadogo, wengi wao hawafiki urefu wa shubiri moja. Zamani, katika Ziwa Victoria, chakula chake kikubwa kilikuwa fulu.

Wazee wakumbuka jinsi fulu walivyokuwa wengi. Mbuta walitiwa ziwani katika miaka ya 1950, na ilipofika miaka ya 1980 walikuwa wameongezeka mno, na fulu wakapungua sana. Namna nyingi zao hazionekani tena. Fisi maji hakuleta mbuta, wala si yeye aliyetia nyavu zenye matundu madogo zinazochukua samaki wasiokomaa. Ni kweli kwamba huchukua samaki walionaswa, na kwamba hutoboa wavu. Hatuna haja ya kumficha mvuvi jambo alilojionea mwenyewe. Lakini asemaye kwamba ziwa limepungukiwa kwa ajili ya fisi maji amemshitaki mtu mdogo kwa deni la mkubwa.

HABARI YA NGUVA

Tukitaka kujua mwisho wa mambo haya, tutazame pwani. Nguva ni mnyama mpole, mrefu kiasi cha mita tatu, alaye majani yaotayo chini ya bahari. Hali samaki hata mmoja, wala hashindani na mvuvi kwa lolote. Zamani alionekana mara nyingi katika maji ya Lamu na Kiunga, na karibu na mahali Mto Tana uingiapo baharini. Watu walimwinda kwa ajili ya nyama na mafuta yake, na wengine wengi walinaswa katika majarife yaliyotegewa papa, wakafa maji.

Nguva huzaa mtoto mmoja tu, baada ya kuchukua mimba kwa zaidi ya mwaka mmoja, kisha hukaa miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa tena. Kwa hiyo wakifa wachache kila mwaka, waliozaliwa hawawezi kujaza nafasi zao. Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Kuhifadhi Maumbile lilitangaza kwamba nguva wa pwani ya Afrika Mashariki wamo katika hatari kubwa ya kutoweka, na kwamba waliokomaa hawafiki 250 katika pwani yote. Wako watoto wengi wa pwani walijuao jina la nguva katika hadithi, lakini mnyama mwenyewe hawajamwona.

YAPASAYO KUFANYWA

Fisi maji hajafika huko. Huzaa mtoto mmoja hadi watatu kwa mara moja, na bado aonekana katika visiwa na miamba ya ziwa. Nafasi ya kumtunza bado ipo, tena gharama yake si kubwa.

Kwanza, wavu usitegwe mbele ya mawe ambako fisi maji wana mashimo yao. Mvuvi afanyaye hivyo ataokoa wavu wake pia. Pili, wavu mbovu usitupwe ziwani, kwa maana wavu uliotupwa haumlishi mtu, lakini waendelea kuua usiku na mchana. Tatu, nyavu zilizokatazwa na sheria zisitumiwe. Nne, akionekana fisi maji aliye hai wavuni, asishikwe kwa mikono mitupu, maana meno yake ni makali. Afadhali kukata nyuzi chache aende zake. Na watu wakiona hasara imezidi, wapeleke habari kwa kamati ya ufuo na kwa Shirika la Wanyamapori la Kenya, wala wasichukue marungu.

Mahali aishipo fisi maji ni mahali penye maji maangavu na samaki wadogo, na samaki wadogo wa leo ndio chakula cha mbuta wa kesho. Basi, mvuvi amwonapo akiinua kichwa kati ya mafunjo ili avute pumzi, na ajue kwamba mahali pale ziwa lingali na uzima.