Kushusha Gari Dogo Pasipo Kuua Ulaini Wake

Kushusha gari ni kupunguza kimo cha bodi kutoka barabarani kwa kubadilisha sehemu za suspensheni, yaani mkusanyiko wa springi, shokapu, mikono ya chuma na bushi za mpira unaoibeba bodi juu ya magurudumu. Katika Afrika Mashariki kazi hii huenda kinyume na mkondo, maana wanunuzi wengi wa magari madogo yaliyotumika kutoka Japani hukimbilia gereji kuyainua kwa spesa ili yapite kwenye matuta. Hata hivyo, wapo wanaotaka gari lao liinamie lami, na wengi wao huishia na gari linalomgonga abiria mgongoni kila likutanapo na kiraka cha barabara. Lawama hutupiwa “springi ngumu”, na lawama hiyo ni nusu ya ukweli, kwa sababu kinachopotea kwanza gari linaposhushwa ni njia ya gurudumu, ile nafasi ambayo gurudumu linaweza kupanda kabla suspensheni haijafika mwisho wake.

Springi iliyobebeshwa mzigo, ikibonyezwa na kuachiwa, hupanda na kushuka kwa kasi iliyo yake yenyewe, na idadi ya mizunguko hiyo kwa sekunde moja, ambayo hupimwa kwa hezi, hutegemea ugumu wa springi na uzito inaoubeba. Magari yaliyoundwa kwa ajili ya starehe ya abiria hukaa kati ya hezi 1 na 1.5, yale ya kimichezo hukaribia 2, na ya mashindano huzidi hapo. Toyota Vitz, iliyoingia sokoni Japani mwaka 1999 na ambayo kizazi chake cha pili kina uzito wa takriban tani moja, yafaa kuwa kipimo cha hesabu: tukikadiria kwamba kila gurudumu la mbele hubeba kilo 265 za bodi na injini, basi ili sehemu ya mbele icheze kwa hezi 1.3 unahitajika ugumu wa takriban niutoni 18 kwa milimita, maana yake kila uzito unaokaribia kilo 2 ukiongezwa juu ya gurudumu hilo, bodi hushuka milimita moja.

Sasa na ichukuliwe kwamba gurudumu hilo, gari likiwa limesimama, lina milimita 75 za kupanda. Bodi ikishushwa kwa nusu ya nafasi hiyo, gurudumu hubaki na nusu tu ya njia ya kumaliza pigo lilelile la tuta lilelile, na kwa kuwa nishati inayohifadhiwa na springi hukua kwa kipeo cha pili cha umbali inaobonyezwa, nusu ya njia hudai springi ngumu mara nne ili pigo limezwe lote. Springi ngumu mara nne huchezesha bodi mara mbili ya kasi ya awali, yaani hezi 2.6, ambayo ni suspensheni ya gari la mashindano na haimfai mtu anayepeleka watoto shule. Hakuna mtengenezaji wa springi za kawaida anayethubutu kuuza kitu cha namna hiyo; badala yake upungufu huo huachiwa mpira wa kizuizi, kile kipande cha mpira kinachokaa kwenye fimbo ya shokapu ili kulinda vyuma. Dereva anayelalamikia springi, basi, mara nyingi amekaa juu ya mpira huo bila kujua.

Hapo ndipo ubaya wa kukata springi unapodhihirika. Ugumu wa springi huenda kinyume na idadi ya mizunguko ya waya wake inayofanya kazi, kiasi kwamba springi yenye mizunguko 6 ikikatwa mmoja huwa ngumu zaidi kwa asilimia 20, ilhali kimo kimeshuka kwa kiwango ambacho ugumu huo haukifidii hata kidogo. Ncha iliyokatwa haikai sawasawa kwenye kikalio chake, na gari likiinuliwa kwa jeki springi inaweza kulegea na kuchomoka mahali pake. Wapo pia mafundi wanaoichoma kwa moto wa gesi mpaka ilegee yenyewe, jambo ambalo huharibu ugumu uliotiwa chuma hicho kiwandani, na springi iliyoharibiwa hivyo huendelea kushuka siku baada ya siku na huweza kuvunjika ghafla. Njia hizi mbili hazina mjadala: ni hatari, na urahisi wa bei yake ni wa siku ya kwanza tu.

Springi fupi zilizoundwa maalumu kwa kushusha gari kwa milimita 25 hadi 30 hufuata hesabu tofauti. Kwa kawaida huongezewa ugumu kidogo, na nyongeza ya asilimia 30, ambayo kwa maandishi huonekana kubwa, hupandisha mchezo wa bodi kwa asilimia 14 tu, kutoka hezi 1.3 hadi karibu 1.5, kwa hiyo gari hubaki ndani ya mipaka ya starehe. Baadhi yake husukwa kwa mizunguko iliyobanana upande mmoja na kuachana upande mwingine, ili ile iliyobanana ijifunge mzigo unapoongezeka na springi ianze laini na kumalizia ngumu. Pamoja nazo hubadilishwa mpira wa kizuizi, ukawekwa mfupi wa povu la poliyurethani ambalo hubonyea taratibu na kukaza kadiri linavyobanwa. Kifaa hiki ni cha bei ndogo kuliko vyote katika kazi hii nzima, na pengine ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote.

Shokapu ndiyo sehemu inayostahili fedha nyingi zaidi. Kazi yake si kubeba gari, kama wengi wanavyodhani, kwa maana uzito wote hubebwa na springi. Shokapu hugeuza mtikisiko kuwa joto kwa kuilazimisha oili ipite kwenye matundu madogo yenye vali, na bila yake bodi ingeendelea kunesanesa mita nyingi baada ya tuta kupitwa. Springi ikiwa ngumu zaidi, shokapu nayo hutakiwa kuwa na nguvu zaidi, hasa pale inapozuia springi isirejee juu kwa kishindo. Shokapu ya zamani iliyokwisha kutembea kilomita 100,000, ikifungiwa springi mpya fupi, huzidiwa pande mbili: vali zake zimechoka, na fimbo yake sasa inafanya kazi ndani zaidi kuliko ilivyopangiwa, karibu na chini ya kopo lake. Kwa sababu hiyo zipo shokapu zenye kopo fupi, zilizotengenezwa mahususi kwa magari yaliyoshushwa, ambazo huirudishia fimbo nafasi ya kutembea. Mwenye fedha za kununua kitu kimoja tu afadhali anunue shokapu mpya na kuziacha springi za kiwandani. Gari halitashuka, lakini litakuwa bora kuliko lililoshushwa kwa shokapu zilizokufa.

Kuhusu koilova, yaani shokapu yenye uzi wa kukazwa na kulegezwa ambao juu yake hukaa springi, kuna kosa moja linalorudiwa mno. Koilova za bei nafuu hubadilisha kimo kwa kusogeza kikalio cha springi peke yake, hivyo kila milimita bodi inayoshuka huliwa moja kwa moja kutoka kwenye njia ya gurudumu. Zile zilizoundwa vizuri zaidi hurefushwa au kufupishwa pia kwenye mguu wake wa chini, kwa hiyo kimo hubadilika ilhali njia ya fimbo inabaki ileile. Ieleweke pia kwamba kukaza kikalio hakuifanyi springi ya kawaida kuwa ngumu zaidi, maana ugumu ni sifa ya waya, upana na idadi ya mizunguko.

Ulaini wa gari dogo hutegemea vilevile makubaliano kati ya mbele na nyuma. Maurice Olley, mhandisi Mwingereza aliyetoka Rolls-Royce na kuhamia Cadillac nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1930, alionyesha kwamba abiria huchoshwa zaidi na gari linalopiga magoti na kuinuka kuliko lile linalopanda na kushuka kwa usawa. Magurudumu ya mbele hufika kwenye tuta kwanza. Katika Vitz ya kizazi cha pili, ambayo umbali kati ya ekseli zake ni mita 2.46, yale ya nyuma hufika karibu sekunde 0.18 baadaye gari likienda kilomita 50 kwa saa. Dawa aliyoipendekeza Olley ni kuifanya nyuma icheze haraka kidogo kuliko mbele, ili iliyochelewa iikute iliyotangulia na bodi ilale sawa. Anayeshusha mbele kwa springi ngumu na kuiacha nyuma kama ilivyo, kwa vile tu mbele ndiko kunakoonekana, huuvunja mpangilio huo, na gari huanza kutikisa kichwa kama mbuzi anayekataa kamba.

Jiometri nayo hudai chake. Mbele ya magari mengi madogo hutumia mfumo wa mhandisi Earle MacPherson, ambamo shokapu yenyewe husimama kama nguzo na mkono mmoja wa chini hulishika gurudumu. Bodi ikishuka kupita kiasi, mkono huo huinama kuelekea ndani, na nukta ambayo bodi huizunguka wakati wa kukata kona hushuka upesi kuliko kitovu cha uzito, ndiyo maana gari lililoshushwa mno huweza kulala zaidi kwenye kona, kinyume cha alichokitarajia mwenyewe. Magurudumu pia hubadilisha mwelekeo na mwinamo wake, na tairi huliwa upande wa ndani. Alaimenti, yaani kuurekebisha mwelekeo na mwinamo huo baada ya kazi, kwa hiyo, ni sehemu ya kazi yenyewe.

Tairi ni springi ya kwanza ya gari, na hapa ndipo tamaa ya rimu kubwa inapoharibu kila kitu. Tairi ya 165/70 R14 ina ubavu wa milimita 115. Ya 195/50 R15 ina 97. Ya 195/45 R16 hubaki na 88, ingawa kipenyo cha nje cha zote tatu kinakaribiana. Rimu kubwa aghalabu huwa pia nzito, na uzito ulio chini ya springi ndio unaopigana na kila shimo.

Bushi za mikono hazina budi kukaguliwa, na zilizopasuka zibadilishwe. Bolti zake zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake katika kimo kipya, kwani zikikazwa likiwa limening’inia kwenye jeki, mpira hubaki umejipinda muda wote, huongeza ukavu wa safari na hupasuka mapema.

Kwa gari la ukubwa wa Vitz, lenye nafasi ya milimita 140 hadi 150 tu chini ya tumbo na linalobeba watu watano katika barabara zenye matuta, milimita 30 ndio mwisho. Mzigo wa kilo 75 juu ya gurudumu moja la nyuma lenye ugumu wa niutoni 20 kwa milimita huishusha bodi milimita 37 nyingine, na hizo hazikuwamo katika hesabu ya fundi alipolipima gari likiwa tupu.