Kupakia Gari Siku ya Hatari



Wengi wetu siku hizi tunalo gari la nyumbani, na asiye nalo ana mtoto au ndugu mwenye nalo. Gari hilo huchukua magunia msimu wa mavuno, hupeleka wagonjwa hospitali na hubeba maharusi. Lakini ni wachache waliokwisha kujiuliza litabeba nini siku ambayo watu wa nyumba watatakiwa waondoke upesi, pengine katika muda wa nusu saa tu. Makala haya yataeleza namna ya kulipakia siku hiyo. Neno kubwa ni moja: gari ni la watu kwanza, na mzigo hupewa nafasi itakayobaki.

Mfano wetu twautoa mbali na visiwa, huko Milanzi, katika Manispaa ya Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa. Wako wanachama wenye watoto walioajiriwa mikoa ya bara, na barua hii yafaa kusomewa wao pia. Tena Milanzi ni mahali pazuri pa kujifunzia, kwa sababu Ufipa umekaa baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, katika Bonde la Ufa, na ardhi ya huko hutetemeka. Tarehe 13 Desemba 1910 palitokea katika eneo la Rukwa tetemeko la kipimo cha 7.4 hivi, miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopata kupimwa katika Afrika ya Mashariki. Tarehe 5 Desemba 2005 likatokea jingine, la kipimo cha 6.8, chini ya Ziwa Tanganyika.

Ni lazima ifahamike ya kuwa ardhi inapotetemeka hakuna kupakia gari. Aliye ndani ajikinge chini ya meza imara na kuziba kichwa kwa mikono. Aliye nje akae mbali na kuta. Kazi ya gari huja baada ya mtikisiko kwisha, ikiwa nyumba imepasuka na haifai tena kulalwa, kwani mitikisiko mingine hufuata. Tetemeko la Kagera la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa la kipimo cha 5.9 tu, lakini liliua watu zaidi ya 15 na kubomoa nyumba nyingi, hasa zilizojengwa kwa udongo na matofali mabichi. Kwa hivyo gari lenyewe lisilazwe chini ya ukuta mrefu, na ufunguo wake uwe na mahali pamoja panapojulikana na kila mtu mzima wa nyumba.

Sasa tufanye hesabu. Magari mengi madogo ya viti 5 yametengenezwa kubeba kilo 400 hadi 450, watu wakiwa ndani ya hesabu hiyo. Tuseme gari letu la Milanzi hubeba kilo 425. Watu wazima 5, kila mmoja kilo 65, ni kilo 325. Zimebaki kilo 100. Maji ya kunywa na kupikia ni lita 4 kwa kila mtu kwa siku. Kwa watu 5 na siku 3 ni lita 60, nazo ni kilo 60. Zimebaki kilo 40, yaani hata gunia moja la karafuu la kilo 50 halitoshei. Humo ndimo viingie chakula, nguo, mablanketi, dawa na hati. Mwenye kutaka kuchukua televisheni, cherehani na godoro aijue hesabu hii kabla ya siku yenyewe, kwani siku hiyo hapana wakati wa kubishana.

Na ikiwa nyumba ina watu 7 na viti ni 5? Shauri likatwe leo. Ama jirani mwenye nafasi akubali tangu sasa kuchukua 2, ama gari lifanye safari mbili mpaka mahali pa karibu palipo salama. Wazee, wagonjwa, wajawazito na watoto wadogo wapande safari ya kwanza, pamoja na mtu mzima mmoja wa kukaa nao huko. Usiseme, "Tutabanana tu." Gari lililozidishiwa uzito huchelewa kusimama breki inapokanyagwa, na tairi zake hupata moto na kupasuka.

Twasisitiza kuhesabu watu kwa sababu ya yaliyotokea Goma, katika Kongo ya mashariki. Usiku wa tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka, na watu wakakimbia gizani, wengine kuelekea Rwanda na wengine Sake. Kulipokucha, UNICEF ilieleza ya kuwa watoto zaidi ya 150 walikuwa wamepotezana na jamaa zao. Siku tano baadaye, tarehe 27 Mei, serikali iliamuru sehemu kubwa ya mji ihamwe, na barabara ikajaa magari na watu wa miguu. Basi kabla ya kuwasha gari, mtu mmoja awaite wote kwa majina. Kila mtoto awe na karatasi mfukoni yenye jina lake, jina la mzazi na nambari ya simu. Nyumba nzima ijue pia mahali pa kukutania wakipotezana, kama msikitini, kanisani au skuli fulani.

Baada ya watu, mzigo upangwe hivi. Vitu vizito, kama madumu ya maji na chakula, viwekwe chini kabisa, karibu na migongo ya viti vya nyuma, wala visirundikwe mwisho wa buti. Vitu vyepesi, kama mablanketi, viwe juu yake. Ufipa uko juu sana, kiasi cha mita 1,800, na baridi yake ya Juni na Julai si ya mchezo. Kwa hivyo blanketi huko si anasa. Mzigo usizibe kioo cha nyuma, na usiachwe bila kufungwa kamba, kwani dumu la kilo 20 likiruka gari linapofunga breki laweza kuvunja shingo ya mtu. Juu ya paa pasiwekwe kitu kizito. Gari lenye uzito juu hupinduka upesi kwenye kona, na wanaoteremka kutoka uwandani kwenda Bonde la Rukwa wanazijua kona zile.

Mfuko wa mwisho kuingia ndio wa kwanza kutoka, nao ukae mkononi mwa mtu mmoja. Ndani yake muwe na dawa za kila siku, kadi za kliniki, vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, hati ya nyumba na ya shamba, stakabadhi za mauzo ya mazao, fedha taslimu za noti ndogo, tochi, na viatu vya kufunika mguu. Hati zifungwe katika mfuko wa plastiki. Mtu aliyepoteza godoro hununua jingine. Aliyepoteza hati ya shamba huenda akahangaika miaka.

Kuhusu petroli, tangi lisishuke chini ya nusu. Umeme ukikatika pampu haziendi, na kutoka Sumbawanga hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 200. Lakini petroli ya akiba isiwekwe katika madumu ndani ya gari pamoja na watu, kwa maana mvuke wake huwaka kwa cheche ndogo. Goma hiyohiyo, Januari 2002, siku chache baada ya mlima kulipuka, kituo cha mafuta kilishika moto watu wakiwa wanachota mafuta, na wengi wakafa.

Nasi wa visiwani tusione mambo haya ni ya watu wa mbali. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi kabisa ya Unguja, na Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu, boti za Dar es Salaam na Unguja zilisimamishwa. Hapo mwenye gari hakuwa na njia ya kwenda bara. Kwetu kuhama ni kutoka ufukweni au bondeni kwenda nyumba imara iliyo juu, tena kabla upepo haujaanza, kwani miti ikishaanguka njia hufungwa.

Twashauri kila mwanachama aandike orodha yake na kuibandika nyuma ya mlango, kisha siku moja ya mapumziko wapakie gari kwa saa, wote wakiwa ndani. Ikizidi nusu saa, punguzeni vitu, si watu.