Wasiwasi ndio akili, lakini uwe na saa yake!

Wahenga walisema wasiwasi ndio akili. Sikatai. Asiye na wasiwasi hasogei pembeni daladala ikija kwa kasi, wala hakumbuki kuweka akiba ya kodi. Lakini hebu tuulizane, kijana mwenzangu: unapokodolea macho dari saa tisa za usiku ukihesabu madeni, hiyo ni akili au mateso?

Nauliza kwa sababu siku hizi kila kijiwe ninachopita habari ni ile ile. "Mkataba unaisha mwezi ujao, sijui watanirudisha?" "Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo!" Mimi mwenyewe nafanya kazi ya mkataba wa miezi mitatu mitatu, na kila mwezi wa tatu ukiingia tumbo linanguruma bila njaa. Kwa hiyo msidhani nahubiri nikiwa nimeshiba.

SIMBA ASIYEONEKANA

Hofu si ya moyoni tu, ni ya mwili mzima. Mwaka 1915 mtaalamu wa Marekani, Walter Cannon, alieleza jinsi mwili ukitishwa unavyojiandaa kupigana au kutimua mbio. Adrenalini inamwagika kwenye damu, moyo unadunda, damu inakimbilia kwenye misuli, na tumbo linasimamisha shughuli zake. Ndiyo maana ukiogopa chakula hakipiti.

Sasa kasheshe iko hapa. Mmarekani mwingine, Robert Sapolsky, aliyechunguza nyani kwa miaka mingi huko Kenya, alitoa kitabu mwaka 1994 chenye hoja rahisi. Pundamilia akikimbizwa na simba, mwili wake unawaka hivyo hivyo. Akinusurika, muda si mrefu anarudi kula majani yake. Sisi je? Simba wetu ni barua ya kuachishwa kazi ambayo haijaandikwa, ni kodi ya mwezi ambao haujafika. Tunakimbia tukiwa tumelala kitandani! Na mwili unaokimbia kila usiku huchakaa: usingizi unapotea, presha inaweza kupanda, na nguvu ya kupambana na magonjwa inapungua.

MAMA WA VITUMBUA

Mnaikumbuka Machi 2020? Tarehe 16 Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa korona, kesho yake shule zikafungwa. Mtaani kwetu wapo walioshinda na simu mkononi, kila ujumbe wa kutisha wanausambaza, hata usiojulikana ulitoka wapi. Halafu alikuwepo jirani yangu, mama muuza vitumbua. Wateja wake wakubwa walikuwa wanafunzi, wakapotea kwa siku moja. Alilia, siwafichi. Siku ya tatu akaweka ndoo ya maji na sabuni mbele ya meza, akaanza kuuza tangawizi na ndimu, maana kila nyumba ilikuwa inazitafuta.

Nikamuuliza, "Mama, wewe huogopi?" Akanijibu, "Naogopa mwanangu, lakini hofu hainunui unga."

Shule zilipofunguliwa mwishoni mwa Juni akarudi kwenye vitumbua vyake. Mnaona? Mama yule hakuifukuza hofu, aliipangia nafasi yake. Lililokuwa ndani ya uwezo wake alilifanya, la dunia akawaachia wenye dunia.

TUFANYEJE BASI?

Kwanza, usijiamuru "nisiwaze". Ukijikataza ndipo unawaza zaidi, kama mtu anayeulazimisha usingizi. Mwaka 1983 Thomas Borkovec na wenzake huko Marekani waliwapa wanafunzi wa chuo wenye wasiwasi mwingi zoezi la ajabu: tengeni nusu saa kila siku, mahali pale pale, mkae muwaze! Wazo likija nje ya saa hiyo, liahirishe, endelea na unachofanya. Baada ya wiki nne muda waliokuwa wakiupoteza kwa kuwaza ulipungua.

Mimi saa yangu ni kumi na mbili jioni, kwenye benchi nje ya chumba. Nachukua daftari, napiga mstari katikati. Kushoto naandika yenye hatua: kumwuliza bosi kuhusu mkataba, kumwomba mwenye nyumba mapema nilipe kwa mafungu. Kulia yasiyo na hatua: bosi ataamka na roho gani, bei zitapanda vipi. Ya kushoto nayafanyia kazi kesho yake. Ya kulia nayafungia ndani ya daftari.

Pili, sema na mtu. Huku mitaani mwanamume akisema anaogopa anachekwa, akienda kwa daktari wa akili anataniwa kwamba atapelekwa Mirembe, Dodoma. Utani huo haufai. Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa na maradhi ya wasiwasi. Kama hofu imekunyima usingizi wiki nenda wiki rudi, au imekushinda hata kwenda kazini, nenda hospitali. Maradhi hayo yanatibika.

Tatu, usiizimishe kwa bia. Bia inaiahirisha hofu hadi asubuhi, na asubuhi inarudi na deni la baa!

Kuiachia hofu si kusema liwalo na liwe. Ni kufanya cha leo, kisha kulala. Huenda mkataba wako usirudishwe, siwezi kukudanganya, hata wangu sina uhakika nao. Lakini mshikaji, simba akija kweli utahitaji miguu iliyopumzika.

Haya, tukutane wiki ijayo.