Jani Moja, Ladha Mbili

Katika vibanda vya Pasiansi, Mwanza, chai ya rangi huchemshwa hata ikawa nyekundu na kali. Mmea wake, Camellia sinensis, hustawi Mufindi, Rungwe na Usambara. Mmea huo huo ndio uzaao chai ya Oolong ya milima ya Taiwan, ambayo ikiokwa hunukia mkate na karanga zilizokaangwa. Tofauti hiyo yatoka wapi?

Ndani ya jani bichi, kimeng'enya na polifenoli hukaa mbalimbali. Jani likipondeka, hukutana. Kisha, kwa msaada wa oksijeni, jani hugeuka hudhurungi kama ndizi iliyochubuliwa. Viwanda vyetu vingi hulikata na kulirarua jani, na badiliko hilo hukamilika upesi. Majani ya Oolong hunyaushwa, hutikiswa taratibu hata kingo zichubuke, halafu moto huzima kimeng'enya kazi ikiwa katikati. Uokaji wa baadaye, wa saa kadhaa, huunganisha sukari na amino asidi, na hapo ndipo harufu ile huzaliwa.

Mlima nao husaidia. Juu ya meta 1,000 baridi na ukungu huchelewesha chipukizi, na uchungu hupungua. Lakini Mufindi pia hupita meta 1,500! Oolong ya Alishan huuzwa kwa jina la mlima wake. Chai yetu nyingi husafirishwa katika magunia, ikachanganywe ng'ambo na chai za nchi nyingine, na mnywaji asijue ilikochumwa.