Kromatografia na Thamani ya Ua la Pareto

Maua makavu ya pareto, yawe yamevunwa katika nyanda za juu za Mbeya au chini ya milima ya volkano ya Musanze, hupimwa kwa mizani. Thamani yake halisi, hata hivyo, imo katika pairethrini, ambazo kwa kawaida ni asilimia 1 hadi 2 tu ya uzito wa ua kavu. Kiasi hicho hakionekani kwa macho. Anayekipima ndiye mwenye neno la mwisho juu ya malipo ya mkulima.

Pairethrini si dutu moja. Ni esta sita: pairethrini, sinerini na jasmolini, kila moja ikiwa na aina ya I na ya II. Tofauti ya makundi haya mawili inatokana na asidi iliyounda esta, nayo hudhihirika kwa mdudu mwenyewe: pairethrini II humwangusha upesi, ilhali pairethrini I ina nguvu zaidi ya kumuua.

Mbinu za kale za kemia huvunja esta hizo kwa alkali, kisha hupima asidi zilizobaki. Kasoro yake ni kwamba esta iliyogeuzwa umbo na joto bado hutoa asidi ileile. Maua yaliyounguzwa katika ukaushaji huweza basi kuhesabiwa kuwa mazuri.

Kromatografia huzitenganisha esta zikiwa nzima. Msingi wake ni ule alioutumia Mikhail Tsvet kutenganisha rangi za majani mwanzoni mwa karne ya 20. Maua husagwa na kulowekwa katika heksani. Dondoo huchujwa na kusukumwa kwa shinikizo kupitia safu iliyojazwa silika. Esta za kundi la I hushikamana na silika kwa udhaifu, hivyo hutangulia kutoka; za kundi la II huchelewa. Kigunduzi cha mwanga wa urujuanimno huchora kilele cha kila moja, na ukubwa wa kilele hulinganishwa na ule wa sampuli rejea.

Kromatografia ya gesi inahitaji tahadhari, kwani katika joto linalozidi nyuzi 200 za Selsiasi pairethrini hubadilika umbo ndani ya chombo: kipimo huharibu kinachopimwa. Ndiyo maana ile ya kimiminika inafaa zaidi.

Mkataba unaotaja asilimia bila kutaja mbinu ya upimaji humwacha muuzaji bila hoja, maana maabara mbili zinaweza kutoa majibu mawili kwa gunia moja.