Ng'ombe wa shukrani Tarime na Serengeti apelekwe uwanjani

KAMA kwenu ni Mara na unasoma hii ukiwa ndani ya basi la Sirari, jezi ya Simba au ya Yanga ikiwa juu kabisa ya begi, makala haya ni yako kwanza.

Desemba ndiyo mwezi wa kurudi nyumbani. Kuanzia Sirari, Nyamongo na Nyamwaga hadi Mugumu kule Serengeti, watu wanashuka kutoka Dar es Salaam, Mwanza na Arusha na mizigo yao. Mama kaletewa kitenge, mzee kaletewa koti, watoto wanasubiri mpira. Shule zimefungwa, uwanja wa shule ya msingi umebaki bila mwenyewe, basi kila jioni ni bonanza mpaka giza. Waliooa wanacheza na wasiooa. Waliotoka mjini wanacheza na waliobaki kijijini, na dakika ya 20 wa mjini wameshashika kiuno, pumzi hakuna. Bingwa anachukua mbuzi, na mbuzi mwenyewe haoni jua la kesho yake.

Hakuna anayeita hiyo mila, lakini ni mila tayari. Ndugu wanakutana, wazee wanabariki, aliyefanikiwa mwaka huu anatoa shukrani kwa kuchinja.

Kwa Wakurya, na kwa baadhi ya majirani zao wa Serengeti, Desemba pia ni msimu wa esaro, yaani tohara. Wazee wa mila wa kila ukoo, iwe Wanchari, Wairegi, Wanyabasi, Wakira au Watimbaru, ndio wanaoamua kama mwaka huu watu wao wanaingia kwenye tohara au wanapumzika. Mara nyingi huwa ni miaka inayogawanyika kwa mbili. Mwaka 2024 ulikuwa mmojawapo.

Vijana wa kiume wanatahiriwa, na hilo likifanyika hospitali halina ugomvi na mtu. Ugomvi uko kwa dada zao, wanaokeketwa msimu huohuo.

Tuseme ukweli, sherehe yenyewe inavutia. Litungu linapigwa, vijana wanaruka, ndugu wanatoka mbali kuja kumtunza mtoto. Shangazi anamfunga kanga, mjomba anatoa mbuzi, baba mkubwa anatoa noti mbele za watu. Kwa binti wa kijijini ambaye hajawahi kuimbiwa hata siku yake ya kuzaliwa, hiyo ndiyo siku pekee ambayo ukoo mzima unasimama kwa ajili yake. Ndiyo maana wapo wanaokwenda kwa miguu yao wenyewe wakijua kabisa kinachokuja. Na anayekataa ataitwa msagane, neno ambalo ukiitwa mbele ya wenzako kisimani unatamani ardhi ipasuke.

Nyuma ya ngoma kuna hesabu. Binti aliyekeketwa anahesabiwa kuwa tayari kwa ndoa, na ndoa ni ng'ombe. Ngariba analipwa kwa kila kichwa, na sehemu ya malipo hayo huenda kwa wazee wa mila. Ukiwaambia watu kama hao waache kwa sababu tu semina imesema, unawaomba waache na kipato chao.

Tuliwashangilia Oktoba

Sasa turudi kwenye mpira, maana ndio uliotukutanisha hapa.

Oktoba 2022, Serengeti Girls walikwenda India kwenye Kombe la Dunia la wasichana wa chini ya miaka 17. Ilikuwa mara ya kwanza kwa timu ya soka ya Tanzania, ya umri wowote, kucheza Kombe la Dunia la FIFA. Mechi ya kwanza Japan waliwapiga 4-0, na mitandaoni tukaanza maneno yetu. Siku tatu baadaye vijana wa kocha Bakari Shime wakaichapa Ufaransa 2-1. Kisha sare ya 1-1 na Canada, na hao robo fainali. Colombia wakawatoa kwa mabao 3-0, lakini nchi nzima ilikuwa imeshasimama. Bungeni, vijiweni, kwenye daladala, kila mtu alikuwa na binti yake India.

Jina la Serengeti timu hiyo imelibeba kama kaka zao, Serengeti Boys, waliocheza fainali za Afrika kule Gabon mwaka 2017. Ni jina tamu, linauza. Wengi wakilisikia wanawaza simba na nyumbu, wanasahau kwamba Serengeti ni wilaya pia, yenye vijiji, shule na mabinti wa miaka 12, 14, 16.

Miezi miwili baada ya Colombia, Desemba ya 2022, msimu wa ukeketaji ulifunguliwa. Wasichana wa umri uleule wa wale tuliokuwa tunawaimba, wa Serengeti yenyewe na wa Tarime, walikuwa wanatoroka nyumbani. Wengine usiku, wengine kwa miguu, wengine wamebeba mdogo wao.

Walikimbilia wapi? Mugumu kuna nyumba salama inayopokea wasichana tangu 2014. Leo iko chini ya shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, ambalo lina nyumba nyingine Butiama. Mwanzilishi wake, Rhobi Samwelly, ni binti wa huko huko Mara. Alikeketwa akiwa na miaka 13 na akanusurika kufa kwa kutoka damu, na amelisimulia hilo hadharani mara nyingi. Kazi ya nyumba ile ilitengenezewa filamu, "In the Name of Your Daughter", iliyotoka 2018. Upande wa Tarime kuna kituo cha ATFGM Masanga, ambacho msimu ukiiva hupokea mamia ya wasichana.

Masanga wana jambo ambalo linastahili kuangaliwa na kila mwenye kupenda mila. Hawajaifuta sherehe. Wasichana wanakaa kambini, wanafundishwa yale ambayo bibi alipaswa kuwafundisha na mengine ambayo bibi hakuyajua, na mwisho kunakuwa na mahafali yenye ngoma na vyeti. Binti anaingizwa ukubwani akiwa mzima. Kilichoachwa nje ni wembe tu.

Ila na hapo pana kidonda. Sikukuu ya bwenini ni sikukuu ya bwenini. Nyimbo zipo, chakula kipo, mama hayupo. Msimu ukiisha walezi, polisi na ustawi wa jamii wanakwenda kuzungumza na wazazi, wazazi wanaweka sahihi kwamba mtoto hataguswa, ndipo anarudi. Wapo ambao wazazi wao wanakataa. Hao Januari inawakuta bado wako kituoni.

Kaka wa Dar yumo mchezoni

Sheria ipo tangu 1998. Mzazi au mlezi anayemkeketa au kumpeleka kukeketwa msichana wa chini ya miaka 18 anakabiliwa na kifungo cha miaka mitano hadi 15, au faini isiyozidi Sh300,000, au vyote viwili. Hiyo laki tatu ndiyo inanishinda. Nenda mnadani nayo uone kama utaondoka na ng'ombe wa maana. Mtu anayetarajia mahari ya ng'ombe kadhaa, faini hiyo kwake ni gharama ya usafiri.

Pamoja na hayo, namba zinashuka. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Ule wa 2022 ukakuta asilimia 28. Kitaifa ilikuwa asilimia 10, ikashuka hadi nane. Mara inashuka, lakini kwa mwendo wa beki mkongwe.

Msomaji wa ukurasa huu anaingia mchezoni bila kujua. Novemba simu inapigwa kutoka nyumbani: tuma mchango, kuna sherehe ya mdogo wako. Kaka yuko Kariakoo au Buza, anawahi mechi, anatuma elfu hamsini kwa simu bila kuuliza sherehe ya nini. Ile pesa inanunua mchele, soda na kanga, na pengine inamlipa ngariba. Kaka huyohuyo mwaka 2022 alipiga kelele mpaka sauti ikakauka Tanzania ilipoifunga Ufaransa.

Swali moja tu kwenye simu linatosha kuanzia: sherehe ya nini, mama? Likijibiwa kwa kuzungukazunguka, jibu umeshalipata. Mchango unabaki mfukoni, na namba 116, ile ya huduma kwa mtoto, inapigwa bure. Dawati la jinsia la polisi nalo lipo.

Halafu kuna lile bonanza. Uwanja una kitu ambacho ukumbi wa semina hauna: watu wanakuja bila posho. Na wanaojaa pembeni ya chaki ni wanaume, ndio wenye ng'ombe, ndio wenye kauli ya mwisho nyumbani. Wazee wa mila nao huwa wanakaa pale kwenye kivuli, hata kama wanajifanya hawajui 'offside' ni nini. Ukitaka kumtunza dada yako mbele ya ukoo mzima, huo ndio ukumbi.

Mechi ya wasichana iwekwe saa nane, kabla ya waliooa na wasiooa. Ichezwe kijiji kwa kijiji, maana Wakurya hawakosi cha kubishania. Kanga za shangazi zitolewe pale, noti za baba mkubwa zitolewe pale, mbuzi wa mjomba afungwe kwenye goli, na mzee abariki mabinti wote wawe wamefunga au wamefungwa. Asiyekeketwa akitunzwa mbele ya umati na mjomba wake mwenyewe, neno msagane litakosa wa kulitamka. Sisemi mpira utamaliza biashara ya ngariba. Nasema utamnyima sherehe, na bila sherehe kazi yake inabaki kuwa kuwakata watoto gizani, jambo ambalo hata wanaoitetea mila wanapata taabu kulitetea.

Na ukipita Mugumu au Masanga likizo hii, kumbuka zile si sehemu za kutalii. Usalama wa mabinti unategemea watu kutojazana pale. Wapigie walezi kwanza, mzigo uachie getini. Sabuni, taulo za kike, madaftari ya Januari, vyote vinahitajika. Weka na mpira mmoja namba tano. Wasichana mia na zaidi kwenye uwanja mmoja, mpira mmoja hautoshi, na bei yake haifiki hata nusu ya mbuzi.