Pikipiki Katika Baridi ya Nyanda za Juu: Utunzaji wa Chombo na Kinga ya Mwendeshaji

Afrika ya Mashariki haina majira ya theluji kama yale ya Ulaya, lakini ina maeneo mapana ambako mwendesha pikipiki huanza kazi alfajiri katika baridi inayokaribia kiwango cha kugandisha maji. Njombe, Makete, Mufindi na Mbeya nchini Tanzania, pamoja na Limuru, Kinangop na Molo nchini Kenya, ni miongoni mwa maeneo hayo, na kipindi chake cha baridi kali ni kati ya Juni na Agosti. Baridi hiyo ina sababu mbili kuu. Kwanza, joto la hewa hupungua kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda juu, kwa hiyo uwanda wa Kitulo, ulio kwenye mwinuko wa takribani mita 2,600, huwa na baridi zaidi ya pwani kwa nyuzi zipatazo 17. Pili, katika miezi hiyo jua huwa limeelekea kaskazini mwa ikweta, na katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania usiku usio na mawingu huiacha ardhi ipoteze joto lake angani kwa haraka, kiasi kwamba baadhi ya asubuhi majani hukutwa yamefunikwa na jalidi, yaani umande ulioganda.

Katika nchi za kaskazini, wamiliki wengi wa pikipiki huzihifadhi ndani mpaka baridi ipite. Mwendesha bodaboda wa Njombe au Limuru hana nafasi hiyo, kwa kuwa wanafunzi, wachuuzi wa mboga, wagonjwa na wafanyakazi wa mashamba ya chai humhitaji kila siku, na saa zao za safari ndizo hasa saa za baridi kali. Inapofika Juni, wamiliki wengi huihofia injini, wakajiuliza kama itawaka na kama betri itahimili. Hofu hiyo ina msingi, lakini haijakamilika, kwa sababu kitu kinachodhoofika mapema zaidi kuliko injini ni mwili wa mwendeshaji, hususan vidole vyake, ambavyo ndivyo vinavyoshika breki na klachi.

Ili kuelewa jambo hilo, ni lazima kutofautisha joto halisi la hewa na baridi inayohisiwa mwilini. Mwili wa binadamu huzungukwa na tabaka jembamba la hewa ambalo umelipasha wenyewe, na upepo unapolipeperusha tabaka hilo, ngozi hulazimika kupasha hewa mpya bila kukoma. Wanasayansi wa Marekani Paul Siple na Charles Passel waliichunguza hali hiyo huko Antaktika kwa kupima kasi ya maji kuganda kwenye upepo, wakachapisha matokeo yao mwaka 1945. Kwa kanuni inayotumiwa leo nchini Marekani na Kanada, hewa yenye nyuzi 5 ikimpiga mtu kwa kasi ya kilomita 40 kwa saa huhisiwa kama nyuzi 1 chini ya sifuri, na kwa kilomita 60 kwa saa huhisiwa kama nyuzi 2 chini ya sifuri. Mwendesha pikipiki hujitengenezea upepo huo mwenyewe hata siku ambayo hewa imetulia. Kwa chombo, upepo huharakisha tu kupoa. Hauwezi kuifanya injini iliyozimwa iwe na baridi kuliko hewa inayoizunguka. Anayeumizwa zaidi na upepo, basi, ni kiumbe mwenye damu ya moto aliyeketi juu ya chombo hicho.

Mwili unapopoa, hupunguza damu inayokwenda kwenye ngozi, mikono na miguu ili kulinda joto la moyo, ubongo na viungo vingine vya ndani, na matokeo yake ni vidole kufa ganzi. Ngozi ya vidole inaposhuka kufikia takribani nyuzi 15, ustadi wa mkono hupungua kwa kiasi kikubwa, kwani mishipa ya fahamu hupeleka taarifa polepole na misuli hujikunja kwa uzito. Madhara yake barabarani yanaweza kukokotolewa. Pikipiki inayokwenda kilomita 60 kwa saa husafiri karibu mita 17 kila sekunde, kwa hiyo mkono uliochelewa kwa nusu sekunde tu kuvuta breki huongeza zaidi ya mita 8 kabla breki haijaanza kufanya kazi, na umbali huo unatosha kumfikia mtoto anayevuka barabara. Aidha, mkono wenye ganzi hauhisi vyema ni nguvu kiasi gani inatumika, na kwenye udongo uliolowa mwendeshaji anaweza kuibana breki ya mbele kupita kiasi na kulifunga gurudumu. Kwa maana hiyo, joto la vidole ni sehemu ya mfumo wa breki, na linastahili kukaguliwa kama zinavyokaguliwa breki zenyewe.

Kinga ya mwili haihitaji mavazi ya gharama, ila huhitaji mpangilio sahihi. Nguo kadhaa nyepesi zilizovaliwa moja juu ya nyingine huhifadhi hewa yenye joto kati yake zaidi kuliko nguo moja nzito, mradi ya nje iwe ya kuzuia upepo na maji. Desturi ya waendeshaji wengi kuvaa jaketi kinyumenyume, mgongo wake ukiwa mbele, ina mantiki, kwani huondoa mwanya wa zipu ambao upepo hupenya, ingawa jaketi hilo lisipobana hutoa nafasi ya upepo kuingilia nyuma ya shingo. Glovu zisibane sana, kwa sababu glovu iliyobana huzuia damu kufika kwenye vidole, na mifuko ya kukinga mikono inayofungwa kwenye usukani ni msaada mkubwa iwapo mikono inaingia na kutoka bila kunasa. Nguo iliyolowa manyunyu ibadilishwe mapema, kwa kuwa maji huondoa joto la mwili haraka mno kuliko hewa.

Zipo imani mbili zinazohitaji kusahihishwa. Ya kwanza ni kwamba pombe kali huleta joto. Pombe hutanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, hivyo mtu huhisi joto ilhali mwili wake unazidi kulipoteza, na juu ya hayo hupunguza uamuzi na wepesi ambao baridi imekwisha kuupunguza. Ya pili ni kwamba upepo wa kifuani ndio nimonia. Nimonia ni maambukizi ya mapafu yanayosababishwa na vimelea kama bakteria na virusi, na mwendeshaji mwenye homa, kikohozi na kupumua kwa shida anapaswa kwenda kituo cha afya badala ya kuongeza tu kinga ya kifua. Vilevile, mwendeshaji anayetetemeka bila kujizuia na kuanza kutamka maneno kwa kukokota yuko katika hatari ya joto la mwili kushuka chini ya nyuzi 35, na ni lazima asimame, aingie mahali pa joto na kuvua nguo zilizolowa.

Kuhusu injini, ugumu wa kuwaka asubuhi hutokana na petroli kutogeuka mvuke kwa urahisi kwenye baridi, ilhali kinachoungua ndani ya silinda ni mvuke uliochanganyika na hewa. Pikipiki nyingi za bodaboda hutumia kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa, na kabureta hiyo ina choki, ambayo huongeza uwiano wa petroli ili mvuke wa kutosha upatikane. Choki irudishwe mara injini inapoanza kunguruma kwa utulivu, kwa sababu petroli inayozidi huosha utando wa oili kwenye kuta za silinda na kuipaka plagi masizi meusi. Katika mwinuko wa mita 2,000, mgandamizo wa hewa ni takribani asilimia 78 ya ule wa pwani, hivyo kabureta iliyorekebishwa Dar es Salaam au Mombasa huchanganya petroli nyingi mno ikifika Njombe, na fundi wa huko anapaswa kuirekebisha upya. Jambo la hatari zaidi ni kuwasha pikipiki ndani ya chumba ilimolazwa kwa kuogopa wezi. Moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huiondolea damu uwezo wa kubeba oksijeni na inaweza kuua waliolala humo, kwa hiyo chombo kisukumwe nje kwanza.

Oili nayo huwa nzito kwenye baridi. Katika alama kama 10W-30 na 20W-50, tarakimu iliyo kabla ya herufi W huonyesha jinsi oili inavyotiririka ikiwa baridi, na kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo oili inavyofika haraka kwenye vyuma injini inapowashwa. Chaguo lifuate kitabu cha mtengenezaji. Safari fupi fupi za asubuhi haziipi injini joto la kutosha kukausha unyevu uliojikusanya ndani, na oili yenye rangi ya maziwa ni ishara kwamba maji yamechanganyika nayo na kwamba inapaswa kubadilishwa. Betri ya asidi na risasi hupoteza sehemu ya uwezo wake inapopoa, kwa hiyo betri yenye hitilafu ndogo isiyoonekana Machi huweza kushindwa kuzungusha stata Julai. Betri nzima ya volti 12 iliyojaa husoma karibu volti 12.6 injini ikiwa imezimwa.

Upepo wa matairi upimwe asubuhi kabla ya safari. Tairi lililojazwa pauni 28 mchana wenye nyuzi 25 hupungukiwa na karibu pauni 3 alfajiri yenye nyuzi 5, bila kuwa na tundu lolote. Nyaya za breki na klachi zilainishwe, kwani waya mgumu hudai nguvu zaidi kutoka kwenye vidole vilivyokwisha kudhoofika. Barabarani, jalidi hudumu zaidi kwenye madaraja na kwenye kona zenye kivuli cha miti, na mwendeshaji apunguze mwendo kabla ya kuingia kwenye kona. Penye ukungu, taa hafifu hufaa kuliko taa kali, kwa sababu mwanga mkali huakisiwa na matone ya maji na kumrudia mwendeshaji machoni, na kizibao cha kuakisi mwanga humsaidia dereva wa gari kumwona mapema.

Waendeshaji wengi si wamiliki wa pikipiki wanazoendesha, bali hupeleka hesabu kwa mwenye chombo kila siku au kila wiki. Mwenye chombo hukubali bila ubishi kwamba oili, matairi na breki ni gharama za lazima, lakini glovu na jaketi huachiwa mwendeshaji kama haja yake binafsi. Mgawanyo huo haufai katika maeneo ya baridi, kwa kuwa breki nzima iliyoshikwa na mkono wenye ganzi haimlindi mwendeshaji, abiria wala mali ya mmiliki. Wamiliki na vyama vya waendesha bodaboda vya nyanda za juu wanapaswa kuhesabu glovu, jaketi la kuzuia upepo na kizibao cha kuakisi mwanga kuwa sehemu ya matengenezo ya chombo, na kuvinunua kabla ya Juni.